Buti la mlinda msitu huozea nyumbani, si njiani

Buti la ngozi linaloingia Msitu wa Imenti kila siku laweza kumhudumia mwenyewe miaka kadhaa. Buti hilohilo, likivuliwa jioni likiwa chapachapa, likasukumwa chini ya kitanda na kuvaliwa tena alfajiri kabla halijakauka, halimalizi misimu miwili ya mvua. Bei ni ileile na njia ni zilezile. Kinachotofautiana ni usiku.

Kila mwaka, mvua zikikaribia, tunaona hafla zinazofanana katika kaunti zinazouzunguka Mlima Kenya. Walinzi wa jamii wanapangwa mstari, mgeni wa heshima anakabidhi mabuti mapya na makoti ya mvua, picha zinapigwa, watu wanaenda zao. Sina ugomvi na hafla hizo. Mtu anayelinda chanzo cha maji yetu anastahili kuvikwa. Ugomvi wangu ni kwamba msaada huishia hapo. Sijaona hafla ya kukabidhi chumba cha kukaushia mabuti, wala ya kumwajiri fundi wa viatu, wala ya kumpa mlinzi jozi ya pili. Mwaka unaisha, mabuti yamekwisha, na tunarudi kupiga makofi upya. Rai yangu ni hii: kaunti, mashirika ya uhifadhi na vyama vya jamii vya misitu vitenge fedha za kutunza vifaa kabla ya kutenga fedha za kununua vingine.

Anayeishi hapa Kaaga, Meru, anaelewa kwa nini. Msitu wa Imenti ya Juu, wenye Ziwa Nkunga na miti mikubwa ya muuru, uko jirani na mji wa Meru. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huufikia mlima kwa upande wetu wa mashariki kwanza, na ndiyo maana mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba hutunyeshea sana. Hata mvua ikikatika, ukungu wa asubuhi huacha majani yametota, na anayepita vichakani saa moja asubuhi hulowa kuanzia magotini kushuka bila tone moja kutoka angani. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Ukifika kambi ya Shipton kwenye njia ya Sirimon, karibu mita 4,200, maji huganda usiku. Ukiteremka upande wa pili hadi Mbuga ya Meru, unakutana na jua kali, miiba, kupe na mbung'o. Baridi hiyo na joto hilo vyote viko katika safari za watu wa kaunti moja. Hakuna koti moja wala buti moja litakalofaa kote huko, na anayenunua kwa mkupuo, saizi moja na aina moja kwa wote, amekwisha kukosea kabla hajalipa.

Zamani waliojua mambo haya kuliko wote walikuwa wawindaji. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikakaza zaidi. Naiunga mkono marufuku hiyo bila kusita. Lakini mwindaji alipoondoka kisheria, aliondoka na elimu yake ya kukaa msituni, na watu wanaoingia msituni leo kwa kazi halali hawakuirithi. Hao ni askari wa Shirika la Wanyamapori, KWS, na wa Shirika la Misitu, KFS, ni vikosi vya doria vya mashirika kama Mount Kenya Trust, ni walinzi wa vyama vya jamii, ni wapagazi wa njia za Chogoria na Sirimon, na ni wafugaji nyuki.

Wameru walikuwa na wawindaji wao wa msituni, Aathi, na jirani zetu Wakamba walisifika kwa uta. Tazama jinsi mshale wa sumu ulivyotunzwa katika nchi hizi. Sumu ilichemshwa kutokana na mti wa jamii ya Acokanthera, ikapakwa shingoni mwa mshale, kisha ikaviringishiwa ukanda wa ngozi nyembamba laini. Ukanda huo ulizuia jua na hewa visiikaushe sumu ikapoteza nguvu, na ulimkinga mwenyewe asijikwaruze. Ulifunguliwa tu windo lilipokaribia. Upote wa uta ulisokotwa kwa kano za mnyama, na kano ikilowa hulegea, kwa hiyo ulifichwa usipate mvua. Podo lilikuwa na kifuniko. Mti wa uta ulipakwa mafuta usipasuke. Kazi hizo zilifanywa jioni baada ya jioni na mtu aliyejua kwamba kesho chakula cha nyumba yake kinategemea upote mkavu. Kutunza kifaa kulikuwa sehemu ya kuwinda.

Wapiganaji wa Mau Mau nao walifundishwa na msitu. Kitambaa cha mjini kilichanika na kuoza, nao wakashona makoti na kofia za ngozi za wanyama. Mmoja wa viongozi wao, Dedan Kimathi, alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 alikuwa amevaa koti la ngozi ya chui. Jenerali Musa Mwariama, mwana wa Meru, alikaa msituni hadi uhuru wa Desemba 1963 bila kukamatwa. Mtu hamalizi miaka mingi katika baridi ya mianzi kwa ushujaa peke yake. Lazima ajue kukausha, kushona na kuweka akiba.

Turudi kwenye uchaguzi wa vifaa vya leo. Kosa la kwanza ni kuchagua kwa macho ya mtalii. Mtalii hufuata njia iliyokwisha kufyekwa. Mlinzi anayetafuta mitego ya waya huiacha njia, huinama, hupiga magoti na kutambaa chini ya vichaka ambamo pongo na paa hupita, kwa sababu mtego hutegwa kimo cha shingo ya mnyama. Kwa hiyo suruali yake huisha magotini na mikono yake huchanika kabla soli haijaguswa. Anahitaji viraka vigumu vya magoti na glavu za ngozi. Ni mara chache sana nimeona vitu hivyo katika orodha za misaada.

Kosa la pili ni kudhani kwamba buti bora ni lile lisiloingiza maji. Katika vichaka vya Imenti maji hayapenyi ngozi. Huingilia juu, kwenye shingo ya buti, yakifuata suruali. Yakishaingia, buti lisilopitisha maji huyashikilia kutwa nzima. Jeshi la Marekani lilijifunza hili katika misitu ya joto, na huko Vietnam likawavisha askari wake buti la kitambaa kigumu juu na ngozi chini, lenye vitundu viwili upande wa ndani vya kutolea maji. Lengo lilikuwa mguu ulowe kisha ukauke upesi. Kwa doria za misitu ya chini, buti jepesi linalokauka usiku mmoja lina faida kuliko buti zito la kifahari linalohitaji siku tatu. Gambuti, kama lile linalotoka kiwanda cha Bata cha Limuru, lina nafasi yake kwenye matope ya shambani na kuvuka vijito, na ni rahisi kuoshwa na kukaushwa. Ila halishiki kifundo cha mguu kwenye mteremko, na jasho lake halina pa kutokea. Atakayelivaa kutwa nzima lazima awe na soksi za kubadilisha saa sita mchana.

Kosa la tatu liko sokoni. Mitumba imetuokoa wengi, na katika soko la Gakoromone mtu hupata buti la mlimani la Ulaya kwa sehemu ndogo ya bei yake. Lakini mabuti mengi ya aina hiyo yana tabaka la povu la poliyurethani katikati ya soli, na povu hilo huvunjwavunjwa na mvuke wa maji uliomo hewani. Joto na unyevu huharakisha kazi hiyo, hata kama buti halijavaliwa. Nimesimama kwa fundi akifungua buti la namna hiyo: ngozi ya juu ilikuwa safi, inang'aa, na soli ilimeguka mikononi mwake kama mkate wa juzi. Mwenye buti alikuwa amelisifu wiki nzima. Kabla ya kununua, bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha wa kidole gumba kisha kunja buti. Ukiona nyufa nyembamba, au povu likibaki na alama ya ukucha, liache. Soli ya mpira mtupu iliyoshonwa, hata ikiwa nzito, ni salama zaidi kwa sababu fundi wa Meru anaweza kuibandua na kuweka nyingine.

Sokoni humohumo kuna makoti ya wawindaji wa Ulaya na Marekani yenye madoa ya majani. Ni makoti mazuri kwa mvua, na vijana wengi huyatamani. Wasiyaguse. Sheria ya Kenya humzuia raia kuvaa sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo, na msituni, ambako askari wenye silaha huwasaka majangili, nguo ya namna hiyo inaweza kumgharimu mtu maisha. Kijani kilichopauka au kaki vinatosha. Kwa anayeshukia Mbuga ya Meru, aepuke buluu na nyeusi, kwa sababu rangi hizo huwavuta mbung'o. Hata mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo.

Na suruali ya jinzi ibaki nyumbani. Pamba hunywa maji, huwa nzito na hunyonya joto la mwili. Wapagazi wetu wengi huanza safari ya mlima wakiwa na jinzi na sweta moja, mvua huwanyeshea kwenye mianzi, na usiku huwakuta mahali ambapo maji yanaganda. Sweta ya sufu kuukuu huendelea kumtia mtu joto hata ikiwa na unyevu. Fulana nyepesi ya nailoni hukauka mwilini. Ukiwa na fedha kidogo tu, nunua koti la mvua linalofika mapajani, lenye kofia, na seti moja ya nguo za kulalia ambayo hailowi kwa vyovyote vile. Zamani seti hiyo ilifungwa kwenye mfuko wa nailoni. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika maeneo ya hifadhi. Sasa kinachohitajika ni mfuko mgumu usiopitisha maji, unaokunjwa mdomo mara tatu na kufungwa kwa kishikizo, ambao fundi wa maturubai anaweza kuushona hapa mjini.

Baada ya uchaguzi ndipo kazi inapoanza. Mlinzi akifika nyumbani jioni, avue buti, atoe kitambaa cha ndani na kamba, asugue matope kwa brashi na maji safi. Matope hunyonya mafuta ya ngozi, na chumvi ya jasho huifanya ngozi ikakamae na kupasuka. Kisha achukue gazeti la jana, alikunjekunje, alisukume mpaka kwenye vidole. Baada ya saa moja gazeti litakuwa limelowa. Alitoe, aweke jingine. Buti likae mahali penye upepo, limelazwa ubavu, mbali na jiko. Hapa ndipo wengi huharibu. Buti linawekwa kando ya mafiga likauke upesi, ngozi inajikunja, gundi inaachia, na asubuhi soli inapiga makofi. Ngozi inayounguza mkono wako ukiishika imekwisha kuharibika. Buti likishakauka kabisa, lipakwe nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, hasa kwenye mishono. Nta si kitu cha kuagiza ng'ambo. Wafugaji nyuki wanaopakana na msitu huu wanayo.

Hema halikunjwi likiwa na unyevu. Likilazimika kukunjwa hivyo kambini, litandazwe siku hiyohiyo ya kurudi, la sivyo kuvu huota na mpako wa ndani hunata na kunuka, na hapo hakuna dawa. Tochi itolewe betri ikiwekwa zaidi ya wiki chache. Panga lifutwe likauke na kupakwa mafuta kabla ya kurudi kwenye ala, kwa kuwa ala yenye unyevu hulitia kutu panga lililonolewa vizuri. Dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET isiguse kioo cha saa wala mfuniko wa tochi, maana huyeyusha plastiki.

Mguu wenyewe ndio kifaa cha kwanza. Mguu ukikaa majini siku nzima, siku baada ya siku, hupauka, hufa ganzi, na ngozi huanza kubanduka. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia maelfu ya askari waliokuwa kwenye mahandaki ya Ulaya waliugua hivyo, na baadhi yao walikatwa miguu. Jeshi la Uingereza liliamuru miguu ikaguliwe kila siku, ipakwe mafuta, na soksi zibadilishwe kwa kavu. Amri hiyo haikuachiwa hiari ya askari mmoja mmoja. Ilikuwa wajibu wa ofisa wake. Mkuu wa kikosi cha doria katika Imenti anapaswa kuwa na mamlaka hayohayo, na soksi hizohizo mkononi.

Najua jibu nitakalopewa. Walinzi wengi wa vyama vya jamii vya misitu hawana mshahara, wanajitolea. Utamzungumziaje nta na gazeti mtu asiye na posho? Swali hilo ni la haki, na jibu langu ni kwamba ndiye anayehitaji utunzaji kuliko wote. Askari wa serikali buti likioza atangoja jingine ghalani. Anayejitolea buti likioza ataingia msituni na malapa, au hataingia kabisa, na mtego wa waya utakaa palepale mpaka mnyama apite. Wengine watasema walinzi huuza vifaa wakishapewa. Wapo. Lakini buti lililosajiliwa kwa namba, likahifadhiwa katika chumba cha kikosi na kukaguliwa kila Ijumaa, ni gumu kuuzwa kuliko lililotolewa kwenye hafla na kusahauliwa.

Mfano upo karibu. Mjini Moshi, Tanzania, mradi wa Kilimanjaro Porters Assistance Project ulioanza mwaka 2003 huwaazima wapagazi nguo na viatu vya mlimani bila malipo. Mpagazi huchukua anachohitaji kwa safari yake, hukirudisha, na mwingine hukichukua. Koti moja linapanda mlima mara nyingi kwa mwaka badala ya kuning'inia kwenye msumari wa mtu mmoja. Hakuna sababu ya Chogoria, Timau na Meru kukosa ghala la namna hiyo. Hapa Kaaga penye vyuo, shule na makanisa yenye majengo makubwa, chumba kimoja chenye madirisha pande mbili, rafu za mbao na bati la kupitisha mwanga juu yake hakiwezi kutushinda. Jua la mchana na upepo vitafanya kazi bila umeme.

Kwa hiyo ninadai mambo manne, na nayadai kabla ya mvua za Oktoba. Kwanza, kila mlinzi apewe jozi mbili za mabuti ya bei ya wastani badala ya jozi moja ya bei kubwa, zivaliwe kwa zamu, kila jozi ipate siku yake ya kukauka. Pili, kila kambi ya doria na kila ofisi ya chama cha msitu iwe na chumba cha kukaushia. Tatu, bajeti ya vifaa iwe na fungu la fundi, nyuzi, soli, gundi na nta, na fundi huyo awe wa hapahapa. Nne, maofisa wa ununuzi waache kumpa zabuni mwenye bei ya chini bila kumsikiliza mvaaji. Sampuli ya buti ivaliwe na mlinzi mmoja mwezi mzima msituni ndipo fedha zitoke.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tumekuwa tukijenga ukuta uleule kila mwaka kwa fedha za umma. Mto Kathita unaanzia mlimani, na pamoja nao maji tunayokunywa na kunyweshea mashamba yetu. Msitu unaoyahifadhi unalindwa na watu wanaotembea kwa miguu. Anayetaka msitu huo ubaki na aanze kuuliza, katika kikao cha wadi na cha kanisa, katika mkutano wa bajeti ya kaunti, swali moja lenye majibu yanayohesabika: mabuti tuliyonunua mwaka jana yako wapi, na usiku hulala wapi?